Mpresbiteri si presbiteri

Wiki hii nimekuta tena Mary Slessor, yule mmisionari Mskoti, akiitwa "presbiteri wa Calabar", na safari hii nimeshindwa kunyamaza. Upresbiteri ni utaratibu wa kuendesha kanisa kwa mabaraza ya wazee, pasipo askofu. Muumini wa kanisa la namna hiyo ni Mpresbiteri. Presbiteri, akitajwa mtu, ni mzee mwenyewe aliyewekwa wakfu.

Asili ya neno ni Kiyunani, presbyteros, yaani mzee, na ndilo lililofasiriwa "wazee" katika Matendo ya Mitume, pale Paulo na Barnaba wanapowaweka katika kila kanisa. La kuchekesha ni kwamba wanaoukimbia ugeni wa neno hilo na kuandika "kasisi" hawajafika mbali, kwa maana kasisi tumelipata kwa Waarabu, nao walilipata katika Kisiriaki, na huko nako asili yake ni mzee. Tofauti ni kwamba kasisi, masikioni mwetu, ni mtu wa madhabahuni, ilhali mzee wa Kipresbiteri aweza kuwa fundi cherehani wiki nzima. Tena kwa ndugu zetu wa PCEA, yaani Kanisa la Kipresbiteri la Afrika Mashariki, nchini Kenya presbiteri hata si mtu, bali ni baraza linalosimamia makanisa ya eneo zima.

Sasa Slessor. Alizaliwa Aberdeen mwaka 1848, akaingia kiwandani Dundee akiwa na miaka 11, na huko alisoma kitabu alichokiegemeza kwenye mtambo wa kufumia. Kanisa lake la Kipresbiteri la Scotland lilimtuma Calabar, katika Nigeria ya leo, mwaka 1876. Akajifunza Kiefik, lugha ya wenyeji, akawalea mapacha waliotupwa, na mwaka 1888 akahamia eneo la Okoyong. Mwaka 1892 serikali ya Uingereza ilimfanya konseli msaidizi, yaani mwakilishi wake huko, akawa anaamua kesi za wazee wa vijiji huku sindano zake zikifuma. Ila katika kanisa lake mwenyewe mwanamke hakuweza kuwa mzee. Alifariki mwaka 1915, na Kanisa la Scotland lilifungua mlango huo mwaka 1966.

Kwa hiyo, mwandishi mwenzangu, rudisha tu ile M uliyoiacha. Mary Slessor alikuwa Mpresbiteri. Na ukitaka jina fupi zaidi, wenyeji walimwita Ma.