fflush yako haimfikii mtoto

Wiki hii nimeulizwa tena. Maneno hubadilika kidogo, swali ni lilelile: "Mkuu, programu nikiiendesha kwenye teminali inatoa mstari kila sekunde. Nikiiita kwa popen inanyamaza mpaka mwisho, halafu inatapika yote kwa mpigo. Nimeweka fflush kila mahali. Popen ina bagi?" Na kweli kodi aliyoambatisha ilikuwa na fflush kila mahali: kabla ya fgets (inayosoma mstari), baada ya fgets, na moja, Mungu atunusuru, kwenye faili lenyewe analosoma.

Popen, kitendakazi cha C kinachoendesha programu nyingine na kukupa matokeo yake kupitia bomba, haina bagi. Bomba nalo halina kosa. Hizo fflush zote zinamwaga bufa (kumbukumbu ambako maandishi hukusanywa kabla ya kutumwa) zilizo ndani ya mchakato wako, na maneno unayoyasubiri hayajafika kwenye mchakato wako. Hata kwenye bomba hayajafika. Yamekaa kwenye kumbukumbu ya mchakato mtoto, yaani programu uliyoiita, ndani ya bufa ya stdio (maktaba ya C ya kusoma na kuandika) yake mwenyewe, na huna mlango wa kuingilia humo ukaimwage kwa niaba yake.

Madogo niyapitie haraka. system() hurudisha hali ya kumalizika, hairudishi kilichochapwa, kwa hiyo acha kuitafuta humo. Popen huipa sheli mstari wako mzima kupitia sh -c, basi jina la faili lililoandikwa na mtumiaji usilibandike humo, siku moja litakuja na nukta mkato na amri nyuma yake. Popen hukamata stdout (matokeo ya kawaida) peke yake; ukitaka na makosa (stderr), ongeza 2>&1. Funga kwa pclose, si fclose, na jibu lake lipitishe kwenye WEXITSTATUS, inayotoa namba ya kumalizika. Ukipata 127, mara nyingi sheli haikuiona programu. Basi.

Turudi kwenye kinachonikera. Andika hii, iite mtoto.c:

```c
#include <stdio.h>
#include <unistd.h>

int main(void) {
    for (int i = 1; i <= 5; i++) {
        printf("hatua %d\n", i);
        sleep(1);
    }
    return 0;
}
```

Endesha ./mtoto: mstari mmoja kila sekunde. Sasa endesha ./mtoto | cat. Kimya sekunde tano, kisha mistari yote mitano kwa pamoja. Hapo hakuna popen, hakuna fgets, hakuna herufi hata moja ya kodi yako ya kusoma. Anayebaki ni mtoto tu. Ukiendelea kubisha, mwite shahidi, strace, inayoonyesha maombi ya programu kwa kerneli (kiini cha mfumo):

```
$ strace -e trace=write ./mtoto | cat
write(1, "hatua 1\nhatua 2\nhatua 3\nhatua 4\n"..., 40) = 40
```

Write moja. Baiti 40, mistari yote mitano (hizo nukta tatu ni za strace, hukata maandishi kwenye herufi ya 32). Ondoa cat utaziona write tano za baiti nane nane.

Kinachotokea ni hiki. Stdio ya mtoto inapotaka kuandika mara ya kwanza, glibc (maktaba ya C ya Linux) huuliza swali moja: hii namba 1, yaani stdout, ni teminali? Kama ndiyo, bufa humwagwa kila mstari unapoisha. Kama siyo, humwagwa ikijaa, au programu ikimalizika vizuri. Kwa bomba kwenye Linux bufa hiyo ni baiti 4096. Kwa mistari ya baiti nane, mmoja kwa sekunde, hiyo ni mistari 512: utakaa zaidi ya dakika nane na nusu ukitazama skrini tupu na kunitumia ujumbe. Hakuna aliyekosea, kila write ni safari ya kwenda kerneli na kurudi, na anayemwaga data kwenye faili hataki kulipia safari kwa kila mstari. Kiwango cha C chenyewe kinaruhusu stdout iwe na bufa kamili pale inapojulikana kwamba upande wa pili si kifaa cha kuzungumza na mtu.

Nimesema "ikimalizika vizuri" makusudi. Mtoto akiuawa kwa ishara ya SIGKILL, au ya SIGTERM asiyoishika, kilichokuwa kwenye bufa kinakufa naye. Watu huweka kikomo cha sekunde kumi, wanamuua mtoto, kisha wanaandika kwenye ripoti kwamba programu haikutoa chochote. Ilitoa. Mmeyazika pamoja.

Stderr haina bufa. Ndiyo maana ukiweka 2>&1 ujumbe wa kosa unaweza kutokea juu ya mistari iliyochapwa kabla yake. Nimemwona mtu akipekua hatua ya kwanza ya kazi siku nzima kwa sababu kosa lilitokea juu kabisa ya matokeo. Kosa lilikuwa hatua ya tisa.

Basi nikamwuliza huyu wa wiki hii: hiyo programu unayoiita kaandika nani? Akachelewa kujibu. "Mimi." Basi dawa ni mstari mmoja mwanzoni mwa main ya mtoto, wa kumwaga bufa kila mstari unapoisha:

```c
setvbuf(stdout, NULL, _IOLBF, 0);
```

Fflush zake tukazifuta zote.

Kama programu si yako, tazama kwanza kama ina swichi yake: grep ina --line-buffered, sed ina -u, tcpdump ina -l, python3 ina -u. Ikiwa haina, kuna stdbuf -oL ya coreutils, ambayo watu huitaja kama dawa ya kila ugonjwa. Stdbuf huchomeka maktaba ndogo ndani ya mtoto kwa LD_PRELOAD (kigezo cha kupakia maktaba ya ziada), nayo hubadilisha bufa kabla main haijaanza. Kwa hiyo programu iliyounganishwa kistatiki (iliyobeba maktaba zake ndani) haiguswi. Inayoita setvbuf yake baadaye inaifuta kazi ya stdbuf. Isiyotumia stdio ya C kabisa, Python 3 ikiwamo, haina habari nayo.

Na kabla hujalaumu bufa, hakikisha mstari unaisha. Ffmpeg huonyesha maendeleo yake kwenye stderr na kumalizia na \r (kurudi mwanzo wa mstari), si \n (mstari mpya). Ukiisoma kwa fgets utasubiri \n ambayo haiji, na data zote ziko mkononi mwako. Hapo mtoto hana hatia. Soma kwa read, ukate mwenyewe.

Sasa mazungumzo ya pande mbili: unamwandikia mtoto, anajibu. Popen huenda upande mmoja tu. macOS na FreeBSD hukubali "r+", glibc hukurudishia NULL. Unarudi kwenye mabomba mawili na fork, inayozaa mchakato mtoto:

```c
int kwenda[2], kurudi[2];
pipe(kwenda);
pipe(kurudi);
pid_t mtoto = fork();
if (mtoto == 0) {
    dup2(kwenda[0], 0);
    dup2(kurudi[1], 1);
    close(kwenda[0]); close(kwenda[1]);
    close(kurudi[0]); close(kurudi[1]);
    execvp(hoja[0], hoja);
    _exit(127);
}
close(kwenda[0]);
close(kurudi[1]);
```

Ukaguzi wa makosa nimeuacha ili kodi isomeke, wewe usiuache. Zile close mbili za mwisho si usafi wa nyumba. Ukisahau kufunga kurudi[1] kwa mzazi, read haitarudisha sifuri kamwe, kwa sababu kerneli inaona bado kuna mtu anayeweza kuandika. Mtu huyo ni wewe. Na ile _exit isiwe exit: exit ingemwaga nakala ya bufa za mzazi zilizorithiwa wakati wa fork, na maneno yako yangetoka mara mbili.

Hapa fflush ina kazi halali. Ukiifungia kwenda[1] ndani ya FILE kwa fdopen na kuandika kwa fprintf, ni lazima umwage kabla ya kusubiri jibu, maana bufa hiyo ni yako. Nadhani imani potofu inazaliwa hapa: mtu aliweka fflush siku moja mahali pake, ikafanya kazi, tangu hapo anaipaka kila jeraha.

Bufa zikishanyooka kuna mtego mwingine, na huu ulinikamata mimi. Niliandika kodi iliyompa mtoto maandishi yote kwanza, kisha ikasoma majibu yote. Majaribio yalipita. Ikatumika miezi, mpaka siku mtu alipoileta faili kubwa: programu ikasimama, CPU sifuri, hakuna kosa lililoandikwa popote. Bomba la Linux kwa kawaida hubeba baiti 65,536, tangu kerneli 2.6.11. Mtoto alikuwa akisoma na kujibu, mimi sisomi. Bomba la kurudi likajaa, mtoto akakwama kwenye write na akaacha kusoma, basi na bomba la kwenda likajaa, nami nikakwama kwenye write. Faili zangu za majaribio zote zilikuwa ndogo.

Kuna watakaokuambia uongeze ukubwa wa bomba kwa F_SETPIPE_SZ. Hiyo inasogeza tarehe ya msiba tu, na mtumiaji wa kawaida huishia baiti 1,048,576. Tiba ni poll (inayokuambia bomba lipi liko tayari) kwenye mabomba yote mawili, lile la kuandikia likiwa O_NONBLOCK (lisilokusubirisha), au uzi (thread) mmoja wa kuandika na mwingine wa kusoma. Mimi, kama maandishi yote ninayo tayari, huyaweka kwenye faili la muda na kumpa mtoto kama stdin. Wajuzi watanicheka, lakini haijawahi kukwama. Zima SIGPIPE pia, ishara ya kuandika kwenye bomba lisilo na msomaji, la sivyo mtoto akifa mapema nawe unakufa ukimwandikia, bila neno la buriani. Na usichanganye poll na fgets: fgets huvuta zaidi ya mstari mmoja, poll inatazama bomba tupu na kusema hakuna kitu, kumbe mistari mitatu iko kwenye bufa yako.

Ikishindikana kabisa, mdanganye mtoto kwamba anazungumza na mtu. Hiyo ndiyo kazi ya teminali bandia: posix_openpt, grantpt, unlockpt, ptsname, au forkpty inayofanya yote kwa pamoja. Mtoto anauliza kama namba 1 ni teminali, anajibiwa ndiyo, bufa yake inageuka ya mstari kwa mstari. Mara ya kwanza unaona kama umeshinda. Halafu kila ulichoandika kinarudi mbele ya jibu, kwa sababu teminali ina mwangwi. Kila \n imekuwa \r\n. Rangi zinaingia katikati ya namba unazotaka kuzichambua. Git inamwita less, na less inasubiri mtu abonyeze kitufe. Mwangwi na \r utavizima kwa tcsetattr, ukiondoa ECHO na ONLCR. Rangi na less utavipunguza kwa TERM=dumb na GIT_PAGER=cat. Na mtoto akimaliza, kwenye Linux read upande wako haitarudisha sifuri bali kosa la EIO (hitilafu ya kusoma au kuandika). Mimi huichukulia EIO kama mwisho wa faili na kusonga mbele. Najua kwamba kwa kufanya hivyo nafumbia macho hitilafu ya kweli siku ikija kwa jina hilohilo.

Jambo ambalo vitabu hulipita kimya ni hili: mtoto amemaliza kujibu lini? Bomba halisemi. Baiti zimekoma kuja, sawa, lakini labda bado anafikiri. Kutafuta alama ya kusubiri amri mwishoni mwa maandishi ni kubahatisha, kwa sababu alama hiyo inaweza kutokea katikati ya jibu. Kama programu ina amri ya kuchapa maneno, mtumie swali, kisha amri ya kuchapa neno lako la ajabu, usome mpaka ulione. Kwa sheli ni echo, na gdb nayo ina echo. Gdb ina bora zaidi, --interpreter=mi, iliyotengenezwa ili isomwe na programu nyingine, kama git status ilivyo na --porcelain. Tafuta kitu cha aina hiyo kabla ya yote, hata kabla ya popen.

Na pale ambapo hakuna lolote kati ya hayo, kodi yangu husubiri milisekunde 200 bila baiti mpya, kisha husema jibu limeisha. Hiyo 200 niliitoa kichwani. Mwezi uliopita mashine ililemewa, jibu likakatika katikati, nikaipandisha ikawa 500.