Beki asiyechafua bukta

Juzi kijana mmoja wa kikosi changu cha chini ya miaka 17 alitoka uwanjani mwekundu kwa vumbi, kuanzia nyonga hadi kisigino. Alikuwa anachekelea. Katika kipindi kimoja alijitupa chini mara sita kuuwahi mpira, na kila alipojitupa, wazee waliokaa chini ya mwembe walimshangilia.

"Kocha, umeona leo nilivyopiga kazi?"

Nikamwambia nimeona, ila kati ya hizo sita, tano zilitokana na yeye kuchelewa. Akanuna. Nikamwambia akamtazame Ibrahim Sekagya. Akaniuliza, "Huyo alichezea nani?"

Banange! Tumefika hapo. Basi leo naandika juu ya Sekagya, beki wa kati aliyekuwa nahodha wa timu yetu ya taifa ya Uganda, na nitaandika kama mtu wa mabeki, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yangu. Nimekulia kambi ya polisi ya Nsambya, Kampala, kwenye zile nyumba za bati tunazoziita unipoti, ambako Mwacholi, Mteso na Muganda tuligombana na kupatana kwa Kiswahili. Nilicheza namba tano katika ligi za chini hadi goti likakataa, na tangu hapo nafundisha watoto kukaba.

Sekagya alizaliwa Desemba 1980. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wachezaji wetu wengi wakiota Ulaya, yeye aliibukia Argentina. Alicheza Ferro Carril Oeste, klabu ya Buenos Aires iliyoanzishwa na wafanyakazi wa reli (na jina lake ndilo linavyosema), wakati huo ikiwa madaraja ya chini. Kisha akapanda hadi ligi kuu na Arsenal de Sarandí kuanzia 2005. Watu hupitia hapo haraka haraka ili wafike Salzburg. Mimi nadhani hapo ndipo beki alipopikwa.

Fikiria mshambuliaji wa madaraja ya chini ya Argentina. Hakimbizani nawe. Anakupa mgongo, anakuegemea kwa nyonga, anasubiri umguse aanguke. Ukimrukia, umekwisha: faulo, kadi, mpira wa adhabu. Beki anayeishi huko miaka kadhaa hujifunza kukaa umbali wa mkono, amwache mtu apokee, halafu amnyime kugeuka. Ndiyo sababu ukimtazama Sekagya wa baadaye unaona mtu anayechukua mpira kama anayeokota kitu alichokiangusha mwenyewe. Mechi nyingi alimaliza bukta ikiwa safi.

Bahati nayo ina vituko vyake. Aliondoka Arsenal katikati ya 2007, na Desemba mwaka huohuo klabu ikatwaa Copa Sudamericana, kombe la klabu za Amerika Kusini, na kwake kubwa kuliko yote ya nje.

Alikoenda ni Red Bull Salzburg, Austria, na kocha aliyemkuta ni Mtaliano Giovanni Trapattoni. Alikaa hapo miaka sita, akapata ubingwa wa ligi wa 2009, 2010 na 2012, na 2012 wakaongeza Kombe la Austria. Mataji ni mazuri, lakini mimi navutiwa zaidi na orodha ya makocha. Baada ya Trapattoni alikuja Co Adriaanse, Mholanzi anayetaka mabao hata kama mlango uko wazi. Kisha Huub Stevens, yule ambaye Schalke walimjua kwa kauli kwamba sifuri lazima ibaki sifuri, yaani kwanza msifungwe. Akafuata Ricardo Moniz, na mwishoni Mjerumani Roger Schmidt, ambaye mabeki wake hukaba karibu na mstari wa kati, nyuma yao kukiwa na uwanja mtupu wa kulima mahindi.

Ukisema "beki wa kati", kila mmoja wa hao anamaanisha mtu tofauti. Kwa Trapattoni unashuka, mnabanana, unalinda eneo la hatari. Kwa Schmidt unapanda, na pasi moja ndefu ikikupita unakimbia ukielekea lango lako mwenyewe. Beki anayeishi kwa mbio na mieleka hufaa kwa kocha mmoja, wa pili akija anauzwa. Sekagya alibaki. Hata katika Europa League ya 2009/10, Salzburg waliposhinda mechi zote sita za kundi lililokuwa na Lazio na Villarreal, alikuwa kikosini. Alibaki kwa sababu alichokibeba kilikuwa kichwani.

Kitu hicho nakifundisha kwa ndala. Kweli, ndala: naziweka nne chini badala ya koni, maana koni zetu ziliibwa. Kila beki anasimama kwenye ndala yake. Mimi nina mpira mita 30 mbele yao. Kanuni ni moja: mwenye mpira akiwa huru, shuka, akibanwa, panda. Nikiinua kichwa na hakuna anayenikaba, wote wanarudi hatua mbili kabla sijapiga. Nikigeuzwa mgongo, wote wanasogea mbele. Hakuna anayegusa mpira kwa dakika 20. Watoto wanachukia zoezi hili kuliko kukimbia milima ya Muyenga.

Halafu kuna mwili. Beki mchanga humkabili mshambuliaji kifua kwa kifua, miguu sambamba, kama anayepiga saluti. Pasi ikipita kando yake, lazima ageuke mzima, na hapo amepoteza mita mbili. Beki anayejua husimama ubavu, mguu mmoja nyuma, akiona mpira na mtu kwa wakati mmoja. Anageuka nusu tu. Zile mita mbili ndizo kijana wangu alikuwa anazilipa kwa kujitupa kwenye vumbi. Nami nilizilipa miaka minane, na ndiyo maana leo goti langu linatabiri mvua kuliko redio.

Sasa tuje Cranes, timu yetu ya taifa, maana hapa ndipo watu wanapomhukumu vibaya. Husemwa: nahodha mzuri, ila hakutufikisha AFCON. Ni kweli kwamba tangu fainali ya 1978 tuliyofungwa na Ghana, hatukurudi hadi 2017, na yeye alikuwa amekwishastaafu. Lakini hebu tuangalie milango ya kufuzu iliyofungwa usoni petu.

Oktoba 8, 2011, uwanja wetu wa Namboole. Tunahitaji kuishinda Kenya ili tufuzu AFCON. Sare ya bila kufungana, Angola wanashinda Guinea-Bissau, wanatupita kwa pointi moja. Nilikuwa jukwaani, nakumbuka watu waliokaa tu baada ya filimbi, vuvuzela mapajani, kana kwamba kuna kipindi cha tatu. Mwaka uliofuata ni Zambia, mabingwa wa Afrika. Wao 1-0 Ndola, sisi 1-0 Namboole, penalti 9-8 kwao. Septemba 2013, kufuzu Kombe la Dunia, Senegal katika uwanja wa Marrakech: 1-0, bao la Sadio Mané dakika za lala salama.

Hesabu mabao tuliyofungwa. Mechi nne, mabao mawili, na wapinzani ni pamoja na bingwa wa bara na Mané. Safu ya ulinzi ya zama zile haikutunyima kufuzu. Tulikosa mtu wa kuuweka mpira wavuni. Lakini nahodha akiwa beki, lawama humwangukia aliyevaa kitambaa mkononi.

Tena fikiria safu yenyewe ilivyopatikana. Sekagya anatoka Salzburg. Andrew Mwesigwa, mwenzake, amepitia Iceland, baadaye Kazakhstan. Wengine wanatoka ligi ya nyumbani. Wanakutana kambini siku tatu au nne, mmoja amezoea kupanda hadi katikati, mwingine amezoea kukaa kwenye kumi na nane, lile boksi la mbele ya lango. Mtego wa kuotea, yaani mabeki kupanda pamoja ili mshambuliaji abaki nyuma yao, hauhitaji kipaji kikubwa, unahitaji watu wanne wapige hatua sekunde ileile. Wasipozoeana, kazi hiyo hufanywa kwa mdomo: mmoja anapiga kelele, wengine wanatii. Nahodha wa kati ndiye spika.

Aliaga timu ya taifa mwaka huohuo wa 2013, Mwesigwa akaurithi unahodha. Klabu yake ilikuwa tayari New York Red Bulls, alikojiunga akiwa na miaka 32, pamoja na akina Thierry Henry na Tim Cahill. Msimu huo walitwaa Supporters' Shield, ngao ya timu yenye pointi nyingi zaidi katika msimu wa kawaida wa ligi ya Marekani, taji kubwa la kwanza katika historia ya klabu, na siku ya mwisho dhidi ya Chicago Fire, mechi iliyoisha 5-2, naye alifunga. Alicheza hadi 2014, kisha akabaki klabuni hapo akifundisha. Sikushangaa. Mtu aliyesomeshwa kukaba na Waargentina, Mtaliano, Waholanzi na Mjerumani, mwache afundishe.

Kijana wangu nimempa simu atazame mechi za zamani za Salzburg, kwa sharti moja: asifuate mpira, amfuate Sekagya peke yake, dakika 15. Alirudisha simu betri ikiwa imebaki asilimia mbili.

"Kocha, mbona hafanyi kitu?"

Nikamwuliza, mshambuliaji wake amegusa mpira mara ngapi?

Akakaa kimya kidogo. "Mbili."

Jumanne tunarudi kwenye ndala.