Istanbul majira ya machipuko: anza na chakula cha mchana, vivutio vitafuata

Wateja wanaoniomba niwapangie Istanbul huja na orodha mkononi: Hagia Sophia, Msikiti wa Sultan Ahmed, kasri la Topkapı, Soko Kuu, mnara wa Galata, boti ya Bosphorus. Chini kabisa huwa pameandikwa "kula kebabu". Orodha yenyewe haina ubaya, ila haikupangii siku. Ukiifuata ilivyo utavuka maji huku na huku tangu asubuhi, na njaa itakubana popote itakapokukuta, mara nyingi palepale Sultanahmet, mtaa wa Hagia Sophia, mbele ya kijana mwenye menyu ya picha anayekuita rafiki. Mimi huanza na swali moja: mchana tutakula wapi? Jibu likishapatikana, vivutio vya asubuhi na vya jioni vinajipanga vyenyewe kulizunguka.

Nina sababu mbili. Ya kwanza ni maji. Mlangobahari wa Bosphorus, wenye urefu wa kilomita 30 hivi, unaugawa mji kati ya Ulaya na Asia. Upande wa Ulaya nao umekatwa na ghuba ya Haliç: kusini mji wa kale wenye misikiti mikubwa na kasri, kaskazini Karaköy, Galata na Beyoğlu. Kwa hiyo Istanbul ni miji mitatu inayotazamana, na kila ukivuka umetumia muda na nguvu. Ya pili ni kwamba chakula bora cha mji huu, kwa bei ya watu wa kawaida, ni cha mchana. Kuna migahawa inayoitwa esnaf lokantası, iliyozoeleka kwa mafundi na wenye maduka. Wanapika asubuhi, saa sita masinia yanafuka mvuke nyuma ya kioo, na kufika saa tisa vile vizuri vimekwisha. Huhitaji kujua Kituruki. Unasogea kwenye kioo, unaonyesha kwa kidole, unakaa. Anayezunguka mpaka saa kumi ndipo akumbuke tumbo atakuta masinia yamebaki mchuzi.

Sasa, lini? Watu wengi wakisikia machipuko wanafikiria Machi. Machi ya Istanbul bado ni baridi na mvua, na mtu aliyetoka Dar au Mombasa ataiona kama adhabu. Mimi hulenga kati ya wiki ya pili ya Aprili na katikati ya Mei. Aprili mchana ni kama nyuzi 16 au 17, usiku hushuka hadi 8 hivi, basi koti lisikose na viatu viwe vya kutembea kwenye mawe yaliyolowa. Mvua hunyesha, lakini si kama masika yetu: inapita, jua linarudi. Maua ya tulipu yanachanua Aprili na kufika Mei mwanzoni yanapukutika. Mwishoni mwa Aprili miti ya erguvan huvaa maua ya rangi ya waridi iliyokolea kando zote za Bosphorus. Ukifika siku za katikati unaweza kuyapata yote mawili.

Kuna jambo wasafiri wetu hawaambiwi: saa ya Uturuki ni sawasawa na ya Afrika Mashariki. Tangu 2016 hawarudishi saa nyuma wakati wa baridi, hivyo mwaka mzima huna haja ya kugusa saa yako. Kinachobadilika ni urefu wa mchana. Mwishoni mwa Aprili jua linazama karibu saa mbili usiku, na Isha inaingia baada ya saa tatu. Sisi tuliozoea giza la saa moja tunapewa jioni nzima ya ziada, na ndiyo maana siogopi kuweka kivutio kizuri baada ya saa kumi na moja.

Kabla ya kununua tiketi, weka kalenda mezani. Topkapı hufungwa Jumanne, kasri la Dolmabahçe hufungwa Jumatatu, Soko Kuu hufungwa Jumapili. Ijumaa misikiti haipokei watalii mpaka swala ya Ijumaa imalizike. Aprili 23 na Mei 19 ni sikukuu za taifa, mji unajaa familia. Mei 1 polisi huzuia njia za kuelekea uwanja wa Taksim na usafiri wa eneo hilo husimama, kwa hiyo usichukue hoteli ya Taksim kwa usiku huo. Tena, kati ya 2026 na 2028 Idi kubwa inaangukia Mei: siku hizo Soko Kuu linafungwa na wapishi wengi wanakwenda kwao mikoani.

Siku ya mji wa kale naipa chakula cha mchana mbele ya Msikiti wa Süleymaniye. Pale kuna safu ya migahawa inayouza kitu kimoja hasa: kuru fasulye, maharage meupe yaliyopikwa taratibu kwa siagi na nyanya, na wali pembeni, kachumbari ya vitunguu na achari. Mswahili hahitaji kuelezwa jinsi ya kula wali maharage, lakini haya yanastahili safari. Asubuhi basi unaanza Hagia Sophia mapema. Jengo lilikamilika mwaka 537 likiwa kanisa, likawa msikiti 1453, makumbusho katika miaka ya 1930, na msikiti tena 2020. Tangu Januari 2024 mtalii mgeni hulipa euro 25 na kupelekwa roshani ya juu, zilipo picha za kale za vigae vidogo. Anayekwenda kuswali huingia kwa mlango mwingine bila malipo na kubaki chini. Amua mapema unaingia kama nani, maana ni foleni mbili na mambo mawili tofauti ya kuona. Wanawake wabebe mtandio wao wenyewe.

Ng'ambo tu ya barabara, chini ya ardhi, kuna hifadhi ya maji ya enzi ya mfalme Justinian yenye nguzo 336. Saa nzima inatosha. Halafu unatembea kupita Soko Kuu, lililoanzia karne ya 15, hadi Süleymaniye. Msikiti huo aliujenga Sinan, msanifu majengo wa masultani, ukakamilika 1557, na mimi naupenda kuliko yote ya mji huu. Simama chini ya kuba, tazama mwanga unavyoingia pasipo fujo ya mapambo. Hewa ya ndani ilielekezwa ili masizi ya taa za mafuta yakusanywe katika chumba juu ya mlango na kutengenezwa wino. Kaburi la Sinan mwenyewe liko nje ya ukuta, kwenye pembe ya njia, dogo sana kwa mtu aliyejenga kiasi kile.

Wafanyabiashara wa Kariakoo wanaofuata nguo mtaa wa Laleli huniambia hawana muda wa kutalii. Laleli na Süleymaniye ni mwendo wa robo saa kwa miguu. Funga mizigo yako asubuhi, nenda ukale maharage, utarudi kabla duka halijafungwa.

Siku ninayoipigania katika kila ratiba, hata kama mteja hakuiomba, ni ya upande wa Asia. Panda kivuko cha umma pale Eminönü kwenda Kadıköy, unagusisha kadi ileile ya Istanbulkart inayotumika kwenye tramu na treni. Ni kama dakika 20 na nauli ndogo, nawe unaona mji wa kale wote ukirudi nyuma, kuba na minara, huku mhudumu akipita na sinia la chai katika vigilasi vyenye kiuno. Boti za watalii zina spika na matangazo. Kivuko kina watu wanaotoka kazini, na mandhari ni hayohayo. Angalizo moja: upepo wa kusini-magharibi uitwao lodos ukivuma sana vivuko husimamishwa. Hapo unapanda Marmaray, treni iliyofunguliwa 2013 inayopita chini ya bahari, na kutoka Sirkeci hadi Üsküdar ni dakika nne.

Soko la Kadıköy ndipo machipuko yanapoonekana kwenye meza. Wageni wengi hufika Istanbul wakitaka samaki, na Aprili huo si mpango mzuri. Samaki wanaousifia mji huu, lüfer na palamut, ni wa vuli. Kuanzia Aprili 15 hadi mwisho wa Agosti uvuvi wa nyavu kubwa umepigwa marufuku ili samaki wazaliane, na ule mkate wa samaki unaouzwa kando ya daraja la Galata mara nyingi una samaki wa barafu kutoka Norwei. Onja kwa ajili ya kumbukumbu, ila hela yako ya chakula kizuri ipeleke kwenye mboga na kondoo wa msimu.

Tafuta muuza enginar. Ni ua kubwa la kijani lenye magamba kama ya nanasi bichi. Mzee anakaa kwenye kigoda na kisu kifupi kilichopinda, analizungusha ua mkononi, magamba yanadondoka, kisu kinachimba manyoya ya katikati, na kinachobaki ni kisahani cheupe cha kukaa kiganjani. Anakipaka limau papo hapo na kukitosa kwenye ndoo ya maji yenye limau, maana kikikaa hewani kidogo tu kinakuwa cheusi. Nyumbani na migahawani hupikwa kwa mafuta ya zeituni na kuliwa kikiwa kimepoa, kikiwa na bakla, yaani maharage mapana mabichi, na majani mabichi ya shubiti (dill) juu. Mlo huu wa Aprili na Mei ni mwepesi na wenye utamu wa mbali, na ndio ninaotaka kila mteja aule angalau mara moja. Mwezi Mei zinaingia plamu za kijani, can erik, ngumu na chachu, zinatafunwa na chumvi. Mtoto wa pwani aliyekulia maembe mabichi atamaliza mfuko mzima njiani.

Kwa mlo wa kukaa, katika mtaa huohuo wa soko kuna Çiya Sofrası, mgahawa wa Musa Dağdeviren, mpishi aliyezunguka Anatolia akikusanya mapishi ya vijijini. Vyakula hubadilika kufuata msimu, na vingi hutavikuta sehemu nyingine ya mji. Achana na kebabu siku hiyo. Chukua sahani ndogondogo za mboga, kisha mchuzi mmoja wa kondoo wenye kitu kichachu ndani yake. Nenda saa sita, kabla foleni haijaanza. Jioni shuka Üsküdar, kaa kwenye ngazi za ufukweni mkabala na mnara wa Kız Kulesi, jua linazama ng'ambo upande wa Ulaya, mbele yako.

Siku ya tatu ni ya kaskazini, na hii peke yake naianzia kwenye kifungua kinywa. Bustani ya Emirgan ndiyo yenye tulipu nyingi kuliko zote. Katikati yake kuna nyumba tatu za mbao, ya njano, ya waridi na nyeupe, zilizojengwa na Ismail Pasha, mtawala wa Misri, katika karne ya 19. Siku hizi ni migahawa. Nenda siku ya kazi, ufike saa tatu asubuhi, kwa kuwa wikendi za Aprili barabara ya ufukweni hujaa magari hadi basi halisogei. Kifungua kinywa cha Kituruki hakina haraka: jibini za aina kadhaa, zeituni, asali na malai, mayai ya nyanya na pilipili, mkate wa moto, chai isiyokatika. Ukishashiba hivyo, chakula cha mchana hukihitaji. Tulipu zilitoka huku kwa Waosmani kwenda Uholanzi katika karne ya 16, na kipindi cha 1718 hadi 1730 chote kiliitwa enzi ya tulipu, jinsi watawala walivyozishabikia. Ukirudi, shukia Dolmabahçe. Sultani alihamia hapo 1856, na Atatürk, mwasisi wa Jamhuri ya Uturuki, alifia chumba kimojawapo Novemba 10, 1938, saa tatu na dakika tano asubuhi.

Kuhusu fedha, bei za lira hupanda mara kwa mara, kwa hiyo bajeti ya mwaka jana uliyopewa na rafiki usiitegemee. Samaki wakipimwa kwa kilo, uliza bei kabla hawajaingia jikoni. Na ukimwona mng'arisha viatu ameangusha brashi mbele yako bila kujua, mpishe. Ukiiokota atasisitiza kukusafisha viatu kwa shukrani, kisha atadai malipo.

Asubuhi ya mwisho pita Karaköy Güllüoğlu, duka la tangu 1949, uchukue baklava za kwenda nazo nyumbani. Mwambie muuzaji unasafiri kwa ndege. Chagua za pistachio zisizo na malai, kwa sababu zenye malai hazivumilii joto la kwetu, na kasha libebe mkononi likiwa bapa, lisilazwe ubavu, la sivyo shira itamwagikia nguo.