Je, wajua? Kwa nini ndege ya Lady Be Good iliipita kambi yake na kupotelea jangwani

Ukiuliza habari za Lady Be Good, ndege ya mabomu ya Marekani iliyopotea Libya wakati wa Vita Vikuu vya Pili, utaambiwa kwanza kwamba ilikuwa na nuksi. Eti kila ndege iliyofungwa kipuri chake ilipata balaa. Naona masimulizi hayo yanawadhulumu watu tisa waliokuwa ndani yake, maana kilichowapata kinaelezeka.

Tarehe 4 Aprili 1943, ndege 25 aina ya B-24 ziliondoka Soluch, karibu na Benghazi, kwenda kushambulia bandari ya Naples, Italia. Lady Be Good iliruka miongoni mwa za mwisho, siku ya upepo na mchanga. Kwa rubani William Hatton na wenzake ilikuwa safari ya kwanza ya vita pamoja. Giza likawakuta, wakageuza na kuyatupa mabomu baharini.

Saa sita na dakika 12 usiku Hatton aliita kwenye redio: chombo chake cha kutafuta mwelekeo hakifanyi kazi, aelekezwe. Kituo cha redio cha Benina, karibu na Benghazi, kikamjibu kwamba yuko nyuzi 330, yaani upande wa kaskazini-magharibi, baharini.

Hapo ndipo penye fundo. Antena ya duara ya kituo kile ilipima mstari, haikujua upande. Ni kama kamba iliyovutwa gizani huku wewe umesimama katikati: unahisi kuna mtu ameishika, lakini hujui yuko mbele yako au nyuma yako. Ndege iliyo nyuzi 330 juu ya bahari na iliyo nyuzi 150, upande wa kinyume, juu ya jangwa zilitoa kipimo kilekile. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba Hatton alikuwa ameshaipita kambi, akazidi kwenda kusini-mashariki kwa karibu saa mbili akidhani chini bado ni maji.

Saa nane usiku, mafuta yakiishia, waliruka kwa miavuli. Wanane walikutana. Mwamvuli wa John Woravka haukufunguka sawasawa, naye akafa.

Rubani msaidizi, Robert Toner, aliandika shajara fupi. Walikuwa na nusu chupa ya maji ya askari, na kila mtu alipewa kifuniko kimoja kwa siku. Kifuniko cha chupa, kwenye jua la Sahara! Wakaelekea kaskazini-magharibi. Tarehe 9 watatu, Guy Shelley, Harold Ripslinger na Vernon Moore, waliendelea kutafuta msaada, na watano waliosalia walikuwa hoi, macho yamewaharibika. Tarehe 12 Toner aliandika kwamba msaada haujafika na usiku ni wa baridi kali. Hakuandika tena.

Watafuta mafuta waliiona ndege kutoka angani mwaka 1958, kama kilomita 700 kusini-mashariki mwa Soluch. Ilikuwa imejitua yenyewe kwa tumbo, kilomita 26 hivi kusini mwa walikorukia. Ndani mlikuwa na maji, chupa ya kinywaji kilichokuwa bado kinanyweka, na redio nzima. Wapo wanaowalaumu kwa kwenda kaskazini. Lakini mtu anayeamini kwamba bahari iko karibu afuate nini tena? Walikwenda vizuri mno kwa njia waliyodhani ndiyo.

Na ile nuksi? Inasimuliwa kwamba ndege ya mizigo ya C-54 iliyopewa vifaa vyake ilisumbuliwa na mapangaboi, nyingine ya C-47 iliyopewa redio yake ikaishia baharini, na ndege ndogo aina ya Otter ikapotea na watu kumi katika Ghuba ya Sidra, pwani ya Libya, kisha mkono wa kiti cha Lady Be Good ukaokotwa ufukweni. Hata kama yote hayo yalitokea, vipande vingine vingi vilipelekwa Marekani vikachunguzwa, na vingine vimewekwa kwenye jumba la makumbusho la Jeshi la Anga huko Dayton, Ohio. Hivyo havina msimulizi, kwa kuwa havikumdhuru mtu.

Miili minane ilipatikana mwaka 1960. Shelley na Ripslinger walikutwa mbali zaidi kaskazini kuliko wale watano waliobaki nyuma. Moore, aliyeondoka nao, hajapatikana rasmi hadi leo.