Matibabu ya uzazi yanapoingia chumbani

Wanandoa wanaokuja kliniki kutafuta mtoto huuliza mengi siku ya kwanza: gharama, muda, maumivu ya sindano, uwezekano wa kupata mapacha. Ni nadra kuuliza wataishije wao wawili wakati matibabu yakiendelea. Sisi tunaokaa chumba cha ushauri nasaha tunaona ndoa ikichoka kabla ya mwili kuchoka, tena kwa mambo ambayo yangezungumzwa mapema yasingefika mbali.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2023 kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya sita hukutana na tatizo la kupata ujauzito wakati fulani maishani. Katika takriban nusu ya wanandoa wenye tatizo hilo, upande wa mume nao unachangia, ama peke yake ama pamoja na wa mke. Hata hivyo faili nene huwa la mke. Ameshapigwa picha ya mirija, ameshapima homoni, pengine ameshasafishwa kizazi bila sababu ya maana, na mume hajapima mbegu hata mara moja. Nacho ni kipimo chepesi: hakuna kuchomwa wala kukatwa, ni kujizuia tendo la ndoa kwa siku 2 hadi 7 na kutoa sampuli. Kwa maoni yangu hapa ndipo donda la kwanza linapoanzia. Mke aliyebebeshwa lawama peke yake kwa miaka haanzi matibabu akiwa na moyo mkunjufu kwa mwenzake.

Majibu yakionyesha tatizo liko kwa mume, nyumba huwa kimya. Wanaume wengi wakiambiwa mbegu ni chache husikia kwamba wao si wanaume, ingawa wingi wa mbegu na nguvu za tendo la ndoa ni mambo mawili mbalimbali. Isitoshe, kipimo kimoja hakitoshi kuamua. Mbegu huchukua karibu miezi miwili na nusu kutengenezwa, hivyo homa kali iliyompata mtu mwezi uliopita inaweza kupunguza idadi yake, na ndiyo maana tunashauri kurudia kipimo baada ya miezi mitatu hivi. Wapo wake wanaojitwika aibu hiyo mbele ya mawifi ili kumsitiri mume. Ni wema mkubwa, ila wakubaliane wote wawili kwa maneno. Mume akiuona kuwa ni haki yake, mke huanza kuhesabu anachodai.

Kisha kuna kalenda. Simu inasema siku za hatari ni leo na kesho. Mume ametoka zamu ya usiku, mke ameshaoga anasubiri, na hakuna hata mmoja mwenye hamu. Mwili wa mume ukigoma mara moja, mara ya pili atakuja na woga, na woga ndio utakaomwangusha. Mke naye atajiambia kwamba hapendwi tena. Wakati mwingine shida yote hii haina ulazima. Yai huishi kama saa 24 tu baada ya kutoka, lakini mbegu zinaweza kukaa hai ndani ya mwili wa mwanamke hadi siku 5. Kwa wanaotafuta mimba kwa njia ya kawaida, kukutana kila baada ya siku mbili au tatu kunatosha, bila kulinda saa. Na zile siku ambazo mimba haiwezi kutungwa, zibaki kuwa zenu. Msizipe dawa wala daktari.

Kwa wanaofanya upandikizaji, yaani yai na mbegu kukutanishwa maabara, kazi ngumu zaidi iko kwenye kungoja. Sindano za kukuza mayai huchukua siku 8 hadi 14, na wakati huo kuna ratiba, kuna muuguzi, kuna la kufanya. Baada ya kiinitete, yaani yai lililorutubishwa na kuanza kukua, kuwekwa kwenye mfuko wa uzazi, hubaki takriban wiki mbili za kukaa tu. Mke husikiliza kila mchomo wa tumbo. Mume hunyamaza akiogopa kumpa matumaini ya bure, na mke huusoma ukimya ule kuwa ni kutojali. Tumeona magomvi makubwa yakizaliwa katika wiki hizo, watu wawili wanaotaka kitu kimoja. Hapa elimu husaidia: dawa za projesteroni, homoni ya kutunza mimba anazopewa mke wakati huu, hujaza matiti na kuleta uchovu, kwa hiyo dalili hazithibitishi kitu. Kipimo cha mkojo cha dukani kikifanywa mapema nacho kinaweza kudanganya, kwa sababu sindano ya mwisho ya kukomaza mayai mara nyingi huwa na homoni ileile kinayoitafuta. Kubalianeni mapema nani atapokea majibu na mtakuwa wapi.

Fedha nazo. Familia nyingi hulipa mfukoni, kwa mkopo wa SACCOS au kwa kuuza kiwanja, na hata Ulaya kwenye vifaa vya kila aina, majaribio mengi ya wanawake walio chini ya miaka 35 huisha bila mtoto. Amueni idadi ya majaribio kabla ya jaribio la kwanza. Uamuzi wa kuacha ukifanywa siku ya kilio, mmoja huonekana amekata tamaa na mwingine mbishi.

Suala la dini lisiachwe hadi katikati ya safari. Kanisa Katoliki halikubali upandikizaji, na wanazuoni wengi wa Kisunni huuruhusu kwa mbegu na mayai ya mume na mke tu. Na kuhusu ndugu, kila mmoja azungumze na wa kwake: mama mkwe ajibiwe na mwanawe.

Njooni kwa mshauri bila kungoja miadi mkiona mmoja wenu hali wala halali kwa wiki mbili, anasema maisha hayana maana, au ametishiwa talaka kwa sababu ya majibu. Kipigo hakitokani na homoni wala msongo wa matibabu. Anayepigwa aje peke yake, atasikilizwa faragha. Mume anayefanya kazi mbali anaweza kushirikishwa kwa simu. Mwambieni muuguzi mapema, mnapopangiwa tarehe.