Krediti za chuo mtandaoni kabla ya kumaliza Kidato cha Sita: mzazi aulize nini kabla ya kulipa

Tangu matokeo ya Kidato cha Sita yatoke, malalamiko ya aina moja yamekuwa yakirudi kwenye dirisha letu la udahili hapa Dar es Salaam. Mzazi anakuja na karatasi alizochapisha kutoka kwenye tovuti, zinazoonyesha kuwa mwanawe alisoma kozi za chuo kikuu kwa njia ya mtandao akiwa bado sekondari, na anataka kijana aingie moja kwa moja mwaka wa pili. Akielezwa kwamba haiwezekani, huondoka akiamini ameonewa. Naandika kwa ajili ya wale ambao bado hawajalipa.

Jambo lenyewe ni halali na lina faida. Nchini Marekani ni utaratibu wa miaka mingi mwanafunzi wa sekondari kusoma kozi ya chuo na kuhesabiwa krediti, yaani vipimo vya kazi ya kozi vinavyojumlishwa hadi kufikia shahada. Wengine hujiandikisha katika kozi ya chuo chenyewe. Wengine hufanya mitihani ya kiwango cha chuo iitwayo AP (Advanced Placement), inayosimamiwa na College Board, taasisi ya mitihani ya Marekani, yenye alama 1 hadi 5, au ile ya CLEP ya taasisi hiyohiyo, ambayo alama zake ni 20 hadi 80. Vyuo vingi hukubali 3 na kuendelea kwa AP, na 50 kwa CLEP. Kijana wa Upanga au Tegeta mwenye nia ya kweli ya kusoma huko anaweza kuokoa muhula mzima, na ada ya muhula mmoja Marekani inaweza kumlazimu mzazi auze kiwanja.

Tatizo ni kwamba wazazi wengi huichukulia krediti kama fedha iliyo benki, kwamba popote uendapo utaitoa. Krediti hupata thamani pale tu chuo kinachokupokea kinapoikubali. Chuo kilichokufundisha hakina mamlaka hayo, wakala aliyekutoza pesa hana, wala sisi hatuwezi kukiamuru chuo kingine. Hata huko kwenyewe vyuo vinatofautiana: Dartmouth ilitangaza mwaka 2013 kwamba itaacha kutoa krediti kwa alama za AP, wakati vyuo vingine vingi vinaendelea kuzipokea.

Kwa vyuo vya Tanzania naomba nieleweke vizuri, maana hapa ndipo tunapopoteza muda mwingi. Sifa ya msingi ya mhitimu wa Kidato cha Sita kuingia shahada ya kwanza ni prinsipo mbili (masomo mawili aliyofaulu kwa A hadi E) zenye jumla ya pointi 4.0, pamoja na masharti ya programu anayoomba. Kozi ya mtandaoni haizibi pengo la prinsipo. Mwenye E moja na S mbili (S ni ufaulu ulio chini ya prinsipo) hawezi kudahiliwa eti kwa kuwa amesoma kozi tatu za saikolojia katika chuo cha ng'ambo, hata kama amezifaulu kwa A. Asiye na sifa hizo anazo njia zinazotambulika, ikiwemo stashahada na kozi ya faundesheni ya Chuo Kikuu Huria. Aliyesoma mtaala wa nje, kama Cambridge, huanzia Baraza la Mitihani (NECTA) kupata ulinganifu wa matokeo yake. Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) nayo, inapotambua vyeti vya nje, huangalia tuzo iliyokamilika, yaani cheti, stashahada au shahada. Krediti tisa peke yake hazijawa tuzo. Masharti kamili yamo katika mwongozo wa udahili wa mwaka husika, na mwongozo huo ndio unaotumika, si makala hii.

Hesabu pia huwachanganya watu. Krediti moja ya Marekani ni takriban saa moja ya darasa na saa mbili za kujisomea kila wiki, kwa wiki kama 15. Kozi ya krediti 3 inafika saa 135 hivi. Kwetu krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, na shahada ya miaka mitatu ina krediti zisizopungua 360, wakati shahada ya Marekani kwa kawaida ni 120. Kwa hiyo usiziweke namba hizo mbili pamoja na kuanza kujumlisha. Waachie wanaofanya kazi hiyo.

Sasa nyaraka. Taarifa rasmi ya matokeo hutumwa na ofisi ya msajili wa chuo kilichofundisha, moja kwa moja kwa chuo kinachopokea, kwa mfumo salama wa kielektroniki au bahasha iliyofungwa. Picha ya skrini hatuipokei. PDF iliyopitia simu ya mjomba hatuipokei. Jina kwenye taarifa hiyo lifanane na la pasipoti, na la pasipoti lifanane na la cheti cha NECTA. Mwanafunzi aliyejisajili kwa majina mawili, au kwa jina la utani, atahangaika na viapo vya mahakamani na hati za kubadili jina wakati dirisha la udahili linafungwa. Jisajili kwa majina yote, kwa mpangilio uleule, tangu siku ya kwanza.

Alama zenyewe hazifutiki. Kozi ya chuo iliyosomwa ukiwa na miaka 16 inabaki kwenye kumbukumbu ya kudumu, pamoja na D yake, pamoja na W ya kujiondoa katikati. Vyuo vya Marekani huhitaji mwombaji ataje kila chuo alichosoma na kutuma matokeo yake. Vingi havihamishi kozi iliyo chini ya C.

Ndiyo maana kalenda ni suala zito kuliko mzazi anavyodhani. Mitihani ya AP hufanyika Mei. Mtihani wa Taifa wa Kidato cha Sita nao ni Mei. Wanafunzi wa bweni hawaruhusiwi simu, hivyo kozi ya wiki 15 haiwezi kusomwa wakati wa likizo peke yake. Ninawaonea huruma sana vijana waliobebeshwa vyote viwili, maana mara nyingi kinachoharibika ni kile cha NECTA.

Wengine husubiri wamalize, kisha wajisajili katika miezi ya kungoja. Angalieni mambo mawili. Kijana anaweza kuitwa JKT kwa mujibu wa sheria, na kambini hakuna kompyuta ya kukamilishia kozi. La pili, baadhi ya vyuo vya Marekani humhesabu aliyesoma krediti baada ya kumaliza sekondari kuwa mwanafunzi wa kuhamia, na ufadhili uliotengwa kwa waombaji wa mwaka wa kwanza humpita. Krediti zilizopatikana kabla ya kuhitimu sekondari kwa kawaida hazileti shida hiyo.

Kuhusu kughushi nitasema wazi. Anayebadilisha alama au kuwasilisha matokeo ya chuo hewa anafutiwa udahili, na anaweza kunyang'anywa hata shahada iliyokwisha kutolewa. Zaidi ya hapo, kughushi nyaraka ni jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, na adhabu ya jumla ni kifungo kinachoweza kufika miaka 7. Kusema "wakala ndiye aliyejaza" hakumwondoi mwombaji kwenye kosa, kwa sababu sahihi ni yake. Ithibati ya chuo cha Marekani inaweza kuthibitishwa bure kwenye kanzidata ya Wizara ya Elimu ya nchi hiyo au ya CHEA, baraza la Marekani linaloshughulikia ithibati ya elimu ya juu. Wakala anayekuzuia kuangalia, muache hapohapo.

Kabla ya kulipa, mwanafunzi aandikie ofisi ya udahili ya kila chuo anachokusudia kuomba. Ataje jina la kozi, namba yake, chuo kinachoifundisha na muhula, kisha aulize: mtaipokea, kwa krediti ngapi, itahesabiwa kwenye programu yangu au itakuwa ya ziada tu, na nitabaki mwombaji wa mwaka wa kwanza? Ushauri wa bure kuhusu vyuo vya Marekani unapatikana kwa EducationUSA, huduma ya ushauri ya serikali ya Marekani, kupitia Ubalozi wa Marekani, Msasani. Jibu lidaiwe kwa barua pepe, litoke kwenye anwani rasmi ya chuo, na lihifadhiwe pamoja na risiti.