Je, Wajua Kwa Nini Mtoto wa Kocha Hucheza Dakika Nyingi Kuliko Wenzake?

Wahenga walisema mwamba ngoma huvutia kwake, na pengine hakuna mahali ambapo methali hii hunong'onwa mara nyingi kama kando ya uwanja wa timu ya watoto inayofundishwa na mzazi wa mmoja wa wachezaji. Kikosi kikipangwa, mtoto wa kocha anaanza. Wachezaji wakibadilishwa, yeye anabaki. Penalti ikipatikana, yeye ndiye anayeuweka mpira mahali pake. Wazazi wengine hutazamana, na swali linalowajia ni lilelile: je, huyu anampendelea mwanawe kwa makusudi? Kwa miaka mingi mimi nilijibu ndiyo bila kusita, na nikaamini kwamba dawa ni kumtafuta kocha mwenye moyo safi zaidi. Jibu hilo lilikuwa na makosa mawili. La kwanza ndilo lililonichukua muda mrefu kulitambua, kwa hiyo nitalieleza kwa urefu.

Kwanza, kwa ufupi, inafaa kujua wazazi hao wanatoka wapi. Michezo ya watoto katika vilabu vya nchi nyingi husimama kwa nguvu za watu wa kujitolea: wanaofundisha, wanaopanga ratiba, wanaokusanya ada, wanaowasafirisha wachezaji na wanaofua jezi. Little League, shirika kubwa la besiboli ya watoto lililoanzishwa na Carl Stotz mwaka 1939 katika mji wa Williamsport, Pennsylvania, bado linategemea watu wa namna hiyo hadi leo. Mtu mzima aliye tayari kutoa jioni zake bila malipo, msimu mzima, mara nyingi ni yule ambaye mwanawe yumo kikosini. Kwa hiyo pendekezo la kuwapiga marufuku wazazi wasifundishe timu za watoto wao, ambalo husikika kila msimu, lingeziacha timu nyingi bila kocha yeyote.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kudhani kwamba upendeleo ni uamuzi. Nilimwona kocha akilini mwangu akikaa na kalamu usiku wa kuamkia mechi, akiwalinganisha watoto wawili, akijua kwamba mmoja ni bora, kisha akiandika jina la mwanawe. Kocha wa aina hiyo yupo, wala si haki kumkana mzazi anayesema amemwona. Lakini picha hiyo inahitaji kitu ambacho makocha wengi hawana, yaani ufahamu wa wanachokifanya wenyewe.

Ushahidi wa jambo hili ni wa zamani, na kwangu ni miongoni mwa mambo ya ajabu kabisa katika utafiti wa michezo ya watoto. Katika miaka ya 1970, Ronald Smith na Frank Smoll wa Chuo Kikuu cha Washington waliwafuatilia makocha 51 wa besiboli ya watoto, wakaandika kila tendo walilomtendea mchezaji: kusifu, kukemea, kuelekeza, kutia moyo baada ya kosa, au kunyamaza. Waliandika vitendo zaidi ya 57,000. Kisha wakawauliza makocha wenyewe ni vitendo gani walivyovifanya mara nyingi, na majibu yao kwa sehemu kubwa hayakufanana na yaliyoandikwa uwanjani. Jambo pekee ambalo makocha walilikumbuka kwa kiasi fulani cha usahihi lilikuwa kuadhibu na kukaripia. Watoto walipoulizwa kuhusu makocha haohao, majibu yao yalikaribiana zaidi na rekodi. Mtoto aliyeketi benchi, kwa maneno mengine, ni shahidi bora wa mwenendo wa kocha kuliko kocha mwenyewe. Kocha anayeapa kwamba hampendelei mtu huenda anasema kweli yote anayoijua, na bado akawa anapendelea.

Kuna upande wa pili wa dhana hiyohiyo ambao nao sikuuona. Nilifikiri mtoto wa kocha hupata mema tu. Mwaka 2005 Maureen Weiss na Susan Fretwell walichapisha utafiti wa baba waliokuwa makocha wa soka, wavulana wao wenye umri wa chini ya miaka 12, na wachezaji wenzao. Wavulana walisema walifurahia mafunzo ya ziada, sifa na muda wa kuwa pamoja na baba. Walisema pia kwamba walibebeshwa matarajio mazito, walikosolewa makosa ambayo kwa wengine yalipita kimya, na hawakueleweka. Ulikuwa utafiti mdogo wa familia 6, nao uliwahusu baba na wana peke yao, kwa hiyo hauwezi kuwasemea mama na binti. Hata hivyo ulinionyesha kwamba mtoto yuleyule anaweza kupewa dakika nyingi na huruma kidogo. Mtazamaji wa pembeni huhesabu dakika, kwa sababu ndizo zinazoonekana.

Mtazamaji huyo naye hana mizani iliyo sawa. Albert Hastorf na Hadley Cantril waliwaonyesha wanafunzi wa vyuo vya Dartmouth na Princeton filamu ya mechi moja ya mpira wa Kimarekani iliyochezwa mwaka 1951 kati ya vyuo hivyo. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 1954, wanafunzi wa Princeton waliona wachezaji wa Dartmouth wakifanya makosa zaidi ya mara mbili ya yale waliyoyaona wanafunzi wa Dartmouth katika filamu hiyohiyo. Mzazi aliye kando ya uwanja naye ni mwamba ngoma. Huzikumbuka vizuri dakika 10 ambazo mwanawe alikaa benchi, na huzisahau dakika 10 ambazo mtoto wa jirani yake alikaa benchi hapohapo.

Basi, kama nia mbaya haihitajiki, dakika zinatoka wapi?

Fikiria miche miwili ya mbegu moja, iliyopandwa siku moja katika udongo uleule. Mmoja umepandwa karibu na mtungi wa maji. Kila mwenye nyumba anapochota, matone machache humwagika, na mche ule unayapata bila mtu yeyote kukusudia. Wiki ya kwanza huwezi kuitofautisha. Baada ya mwezi, ule wa karibu na mtungi una jani moja zaidi, na jani lile linakamata mwanga zaidi, na mwanga ule unakuza mzizi unaofika mbali zaidi. Baada ya msimu, mwenye nyumba anatazama na kusema kwa moyo mweupe kwamba ule mmoja ulikuwa wa mbegu bora, hivyo unastahili mbolea iliyobaki. Hajasema uongo kuhusu anachokiona, kwa kuwa mche ule sasa ni bora kweli. Kosa lake limo katika sababu anayoitaja, na kila akiweka mbolea analithibitisha kosa hilo kwa macho yake mwenyewe.

Mtoto wa kocha yuko karibu na mtungi. Hufika mazoezini wa kwanza, kwa kuwa anakuja na mwenye mipira, na huondoka wa mwisho. Husikia mezani jioni kwa nini beki anapaswa kusogea ndani mpira ukiwa upande wa pili. Akikosea nafasi, kocha anajua kama ni uvivu, homa au kutoelewa, ilhali kwa mtoto mwingine analazimika kubahatisha. Anajua pia kwa usahihi mwanawe anaweza nini, na mtu anayelazimika kuamua haraka, huku timu ikiongoza kwa bao moja, humchagua yule ambaye hana shaka naye. Haba na haba hujaza kibaba: dakika 5 za mechi ya kwanza huzaa utulivu wa mechi ya pili, utulivu huo huzaa pasi nzuri, na pasi hiyo huwa hoja ya kumpa dakika 10 katika mechi ya tatu.

Thelma Horn, mtafiti wa saikolojia ya michezo, ameuchambua mzunguko huu kwa hatua nne. Kocha huunda matarajio kuhusu mchezaji. Matarajio hayo hubadilisha anavyomtendea. Matendo hayo hubadilisha kiwango na kujiamini kwa mchezaji. Na mwishowe kiwango hicho humthibitishia kocha kwamba alikuwa sahihi tangu mwanzo. Jambo la kuzingatia ni kwamba hatua ya kwanza inaweza kuwa na msingi dhaifu sana na mzunguko bado ukaenda.

Hapa inafaa kuwa mwangalifu. Wazo la matarajio yanayojitimiza lilipata umaarufu mwaka 1968, wakati Robert Rosenthal na Lenore Jacobson walipowaambia walimu wa shule moja ya msingi huko California kwamba wanafunzi fulani, ambao kwa kweli walikuwa wamechaguliwa kwa kubahatisha, wangechanua mwaka huo. Baadhi yao walipanda, hasa wa madarasa ya chini, lakini vipimo vilivyotumika vilikosolewa vikali, na tafiti nyingi za baadaye zilipata athari ndogo kuliko sifa za jaribio lile. Kwa hiyo nisingesema kwamba imani ya kocha peke yake humgeuza mtoto. Mazoezi na dakika za uwanjani ndizo zinazomgeuza, na imani ni mlango wa kuzipata.

Ushahidi ulio imara zaidi unatoka mahali pasipo na undugu wowote. Katika soka la vijana nchini Ubelgiji, tarehe ya kikomo cha umri, yaani siku inayoanza mwaka wa kuwagawa watoto katika makundi ya umri, ilihamishwa mwaka 1997 kutoka 1 Agosti hadi 1 Januari. Kabla ya hapo, waliojaa katika timu zilizochaguliwa walikuwa waliozaliwa kuanzia Agosti, yaani waliokuwa wakubwa kwa miezi kadhaa katika kundi lao. Werner Helsen na wenzake walipohesabu baada ya badiliko hilo, faida ilikuwa imehamia kwa waliozaliwa kuanzia Januari, na wa Agosti walikuwa wamepungua. Kipaji hakihami kutoka mwezi mmoja hadi mwingine kwa sababu ya waraka. Kilichohama ni mtungi wa maji. Hakuna kocha aliyekusudia kumpendelea mtoto kwa mwezi aliozaliwa, lakini kila mmoja aliona mtoto mkubwa kidogo, akadhani ameona kipaji, akampa mazoezi zaidi. Nilipousoma utafiti huo ndipo nilipoacha kuuliza kama kocha mzazi ana moyo mbaya. Ikiwa tofauti ya miezi michache hutosha kujaza timu, basi kuishi nyumba moja na kocha ni tofauti kubwa ambayo haihitaji hila ili ifanye kazi yake.

Hayo hayafuti upendeleo wa kukusudia. Kuna klabu ambamo wazazi wanaosimamia timu ndio wanaoketi kuchagua timu ya msimu ujao, na kila mmoja anajua kwamba akimkataa mtoto wa mwenzake, wa kwake atafuata. Hapo kuna makubaliano, hata yasipotamkwa, na makubaliano hayo hupaswa kuvunjwa kwa kuwaita watathmini wasio na mtoto kikosini, wanaowaona watoto kwa namba za mgongoni na si kwa majina ya ukoo.

Kosa langu la pili, ambalo ni fupi, lilikuwa kutafuta kocha mwadilifu zaidi. Mwadilifu naye ana mtungi nyumbani kwake. Kinachosaidia ni kuondoa sehemu ya uamuzi mikononi mwa yeyote yule. AYSO, shirika la soka la vijana lililoanzishwa mwaka 1964 huko Torrance, California, lina kanuni kwamba kila mtoto acheze angalau nusu ya mechi, na timu zake hugawanywa upya ili nguvu zilingane. Norwei, ambako kanuni za michezo ya watoto ziliandikwa mwaka 1987, hairuhusu jedwali la matokeo kabla ya mwaka ambao mtoto anatimiza miaka 11, na bila jedwali kocha hana sababu kubwa ya kumng'ang'ania anayemwamini. Nusu ya mechi, hata hivyo, huweza kuchezwa yote katika nafasi ya beki wa pembeni, mbali na mpira, huku mtoto wa kocha akicheza nusu yake kama kiungo wa kati.

Ndiyo maana nashauri daftari la kawaida lenye safu mbili kwa kila mchezaji, dakika na nafasi aliyocheza, linaloandikwa na mtu mwingine asiye kocha. Kwa kuwa tofauti hukua kama miche ile, daftari hilo hufaa kufunguliwa mbele ya kocha baada ya mechi ya tatu, wakati pengo bado ni dakika 15 zinazoweza kurudishwa katika mechi moja, na wakati kocha, ambaye huenda anaziona namba zake kwa mara ya kwanza, bado hajaanza kuamini kwamba mbegu zilikuwa tofauti.